Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tarehe ya kurudi haina mwenyewe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba dakika zako chache.

Mimi ni muuguzi katika chumba cha endoskopi, kile chumba ambamo mtu hulazwa ubavu wa kushoto na kupimwa utumbo kwa kamera. Kazi yangu ni kumwandaa mgonjwa, kumshika mkono dawa inapoanza kumlegeza, kumminya tumbo daktari anapokwama kwenye kona, kupokea vinyama vilivyokatwa na kuvitia kwenye kichupa cha fomalini, na kuandika. Hilo la kuandika ndilo lililonisukuma kukuandikia wewe.

Mezani kwetu lipo daftari kubwa la jalada gumu. Kila aliyekutwa na polipu, yaani vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana, ana mstari wake humo: tarehe, namba ya faili, umri, polipu ngapi, kubwa ina milimita ngapi, majibu ya maabara yalisemaje. Safu ya mwisho kulia ina kichwa kisemacho "Arudi lini". Safu hiyo tunaijaza vizuri sana. Miaka 3. Miaka 10. Mwaka 1. Miezi 6. Ukurasa ukijaa tunafunua mwingine, daftari likijaa tunalipanga kabatini na kuanza jipya. Hayupo mtu ambaye kazi yake ni kurudi kufungua yale ya zamani.

Mwaka jana aliingia mzee wa miaka 58, suruali imekazwa kwa mkanda uliotobolewa tundu la ziada. Akaniambia, "Sista, unanikumbuka?" Sikumkumbuka, na nikamwambia hivyo. Akasema si neno, ni muda mrefu. Kamera iliingia kama sentimita 30 hivi ikagota. Mbele yake palikuwa na uvimbe uliozunguka karibu ukuta wote wa utumbo, umebakiza tundu ambalo hata penseli ingepita kwa shida, na kila ulipoguswa ulitoa damu. Daktari hakusema kitu. Alinyoosha mkono, nikampa koleo la kuchukulia sampuli.

Jioni nilibaki. Nilifungua kabati nikaanza kufunua madaftari, nikamkuta. Miaka 7 nyuma. Polipu 2, kubwa milimita 14, zote zimetolewa. Majibu ya maabara: adenoma, aina ya polipu inayoweza kugeuka saratani. Arudi lini: miaka 3. Mwandiko ni wangu.

Aliporudi kuchukua majibu nilimuuliza, kwa upole niwezavyo, mbona hakuja ule mwaka aliopangiwa. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo jibu lake liko wazi. Akasema, "Nilikuwa nasubiri mniite."

Mheshimiwa, mzee huyu hakukataa kutibiwa. Hakuogopa kipimo, maana alishapita humo mara ya kwanza akatoka salama. Alitoka kwetu akiamini kwamba mahali fulani kuna mtu mwenye jina lake mkononi, na siku ikifika mtu huyo atapiga simu. Imani hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Sisi ndio hatukuwa na huyo mtu.

Unaujua ugonjwa wenyewe kwa takwimu kuliko mimi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2022 peke yake dunia ilipata wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9 wa saratani ya utumbo mpana na puru, na zaidi ya watu 900,000 walikufa nao. Ni ya tatu kwa kupata watu na ya pili kwa kuua. Ninachotaka kukieleza ni kile kinachotuuma sisi tunaokiona kwa macho kwenye skrini: saratani hii inatoa nafasi. Kwa wengi huanza kama kinyama kidogo cha adenoma, laini, kisichouma, kisichotoa dalili yoyote, na huchukua kwa kawaida miaka 10 au zaidi kabla hakijageuka kuwa saratani. Vingi havigeuki kabisa. Lakini kwa kuwa hatuna namna ya kukitazama kimoja na kusema hiki kitabaki mpole, tunavikata vyote tunavyovikuta. Kitanzi cha waya kinapita shingoni, kinakazwa, umeme kidogo ikihitajika, kimekwisha. Mgonjwa hahisi maumivu kwa sababu utando ule hauna mishipa ya kuhisi ukatwaji. Nimeshuhudia mara nyingi sana na hadi leo moyo wangu hushuka kwa raha kinyama kinapodondoka. Saratani za kuzuilika hivi, kabla hazijawa saratani, hazizidi za kuhesabu kwa vidole.

Tena hatuanzii kwenye kamera. Kuna kipimo cha choo ambacho mtu hujifanyia mwenyewe nyumbani: kijiti kidogo kinaburuzwa juu ya kinyesi mara kadhaa, kinarudishwa ndani ya kichupa chake, kichupa kinapelekwa maabara. Kile cha zamani kilimlazimu mtu aache nyama nyekundu siku kadhaa, kwa kuwa hakikujua kutofautisha damu ya binadamu na ya mnyama. Cha sasa kinatafuta himoglobini ya binadamu tu, kwa kutumia kingamwili, na sampuli moja inatosha. Hata kile cha zamani kilifanya kazi: utafiti mkubwa wa Minnesota, Marekani, uliotangazwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba waliopimwa choo kila mwaka walikufa kwa saratani hii kwa theluthi moja pungufu kuliko wasiopimwa. England leo huwatumia watu wa miaka 50 hadi 74 kifaa hicho kwa posta kila baada ya miaka 2. Marekani, baada ya kuona vijana wanazidi kuugua, jopo lao la kitaifa la ushauri lilishusha umri wa kuanza kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021.

Hapa niseme neno kuhusu damu, kwa kuwa huchanganywa sana hata na wenzangu. Upimaji ninaouzungumzia ni wa mtu asiye na dalili. Mwenye damu anayoiona kwa macho, mwenye choo kilichobadilika wiki kwa wiki, mwenye upungufu wa damu usio na maelezo, huyo si wa kupewa kijiti cha kampeni. Huyo ni mgonjwa, apewe rufaa. Nimewapokea watu wa miaka 30 na kitu waliotibiwa bawasiri mwaka mzima, dawa ya kupaka juu ya dawa ya kupaka, na hakuna aliyewahi kuwapima hata kwa kidole. Kuwa kijana si kinga.

Sasa nirudi kwenye daftari, maana daftari ni mwisho wa mnyororo na mnyororo unakatikia mahali pengi kabla ya hapo.

Mahali pa kwanza ni pale majibu ya choo yanapotoka na damu imeonekana. Kipimo cha choo hakimponyi mtu. Kinasema tu: huyu atazamwe ndani. Bila kamera baada yake, tumemtia mtu hofu bure. Nimefanya kazi kwenye siku za upimaji ambapo watu walijitokeza wengi, vichupa vilijaa makasha, picha zikapigwa, na waliokutwa na damu wakapewa karatasi ya rufaa na kuambiwa waende hospitali kubwa. Baada ya hapo, kimya. Hakuna aliyehesabu wangapi walifika. Tulitangaza waliopimwa. Hatukutangaza waliotazamwa.

Mama mmoja alinisimamisha koridoni, alikuwa amemleta mgonjwa mwingine, akanieleza kwa furaha kwamba yeye alipima choo kikatoka kibaya, akarudia kwingine baada ya mwezi kikatoka kizuri, kwa hiyo akashukuru Mungu na kuachana nayo. Mheshimiwa, uvimbe hauvuji damu kila siku. Kipimo cha pili kikiwa safi hakifuti cha kwanza. Hili ni jambo la sentensi moja, lingeweza kuchapishwa kwenye karatasi ya majibu yenyewe, na halikuwemo. Nilikaa naye kwenye benchi, nikamwandikia tarehe yeye mwenyewe akiwa anaona. Kwenye utumbo wake zilikutwa polipu 3.

Na kuchelewa kuna gharama yake inayojulikana. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2017, wa watu zaidi ya 70,000 waliokutwa na damu kwenye choo, ulionyesha kwamba waliotazamwa kwa kamera ndani ya miezi michache hawakuwa na tofauti kubwa na waliotazamwa ndani ya mwezi mmoja. Lakini waliovuka miezi 10 walikutwa na saratani zaidi, na saratani zilizokomaa zaidi. Kwa hiyo hatudaiwi miujiza. Hatudaiwi kumtazama mtu kesho asubuhi. Tunadaiwa kujua kwamba yupo, na kujua siku zake zimefika ngapi.

Najua utaletewa hoja kwamba hata kamera yenyewe haisaidii kama ilivyodhaniwa. Watakunukulia utafiti mkubwa wa Poland, Norway na Sweden uliotoka mwaka 2022, ambapo kualikwa kupimwa kwa kamera kulipunguza uwezekano wa kupata saratani hii kwa asilimia 18 tu katika miaka 10, na vifo havikuonekana kupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Ni kweli, na ni vizuri isomwe. Lakini isomwe hadi mwisho: kati ya walioalikwa, waliokuja ni asilimia 42. Zaidi ya nusu ya kundi linalohesabiwa kuwa "limealikwa" halikuwahi kulala kwenye kitanda. Mimi nausoma utafiti ule kama habari ya mialiko.

Na mialiko inawezekana ikaitikiwa. Katika jimbo la Delaware huko Marekani walianzisha mpango ambao ndani yake waliajiri watu, wengine wauguzi kama mimi, ambao kazi yao ilikuwa kumsindikiza mtu kwenye mfumo: kumpigia, kumweleza maandalizi, kumtafutia usafiri, kumkumbusha siku moja kabla, kumfuata asipofika. Mwanzoni Wamarekani weusi walikuwa wanapimwa wachache kuliko weupe. Kufikia mwaka 2009 makundi yote mawili yalikuwa yamefika asilimia 74, na vifo vya weusi kwa saratani hii vilikuwa vimeshuka sana. Hawakugundua dawa mpya. Waliweka mtu mwenye simu.

Mahali pa pili mnyororo unapokatikia ndipo palipomkatikia mzee wangu: baada ya polipu kutolewa. Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa ni jambo lisilosemwa majukwaani. Kila mtu anafahamu neno kupima. Neno ufuatiliaji halina bango lake.

Mtu aliyetoa polipu hatoki akiwa sawa na asiyewahi kuwa nayo, lakini pia si wote wana hatari sawa, na hapo ndipo miongozo inaposaidia. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unasema aliyekutwa na adenoma 1 hadi 4, zote chini ya milimita 10 na bila mabadiliko makali ya seli, hahitaji ufuatiliaji maalumu. Arudi kwenye upimaji wa kawaida kama wengine. Wa Marekani wa mwaka huohuo unampa mwenye adenoma ndogo 1 au 2 miaka 7 hadi 10. Aliyekutwa na kubwa ya milimita 10 au zaidi, au nyingi kuanzia 5, au zenye mabadiliko makali, arudi baada ya miaka 3. Aliyetolewa kubwa sana kwa vipande vipande arudi ndani ya miezi 6 hivi, kwa sababu mabaki kwenye kovu huota tena. Mzee wangu na milimita zake 14 alikuwa wa miaka 3 kwa mwongozo wowote ule utakaoushika.

Kinachoniumiza ni kwamba wakati yeye anasubiri kuitwa, wengine tulikuwa tunawaita bila sababu. Nina mgonjwa, mtu mzuri, mwoga kidogo wa magonjwa, aliyewahi kutolewa polipu moja ya milimita 4. Aliambiwa aje kila mwaka. Amekuja mara nne. Kila mara amekunywa ile dawa ya kusafisha tumbo usiku kucha, amekosa kazi, amechomwa sindano, na kila mara hatukukuta kitu. Kila mara alichukua nafasi ya asubuhi nzima kwenye chumba chenye nafasi za kuhesabika. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Daktari anayeogopa kulaumiwa huandika mwaka mmoja, kwa kuwa kuandika mwaka mmoja hakujawahi kumfukuzisha mtu kazi. Lakini nafasi zile nne zilikuwa za watu wanne wenye damu kwenye choo waliokuwa wanasubiri nje ya miezi 10.

Kwa hiyo naposema tufuatilie, sisemi tupime watu zaidi na zaidi. Wengine waachiliwe. Waambiwe kwa maandishi, na kwa uhakika, kwamba utumbo wao ni safi na wasirudi hadi miaka kadhaa. Mwenye kolonoskopi (ndicho kipimo hiki cha kamera) safi, iliyofanywa vizuri, utumbo ukiwa umesafishwa vizuri, asiye na historia kwenye familia, anaweza kukaa miaka 10. Na mzee aliyefika miaka 80 na ushee, mwenye maradhi mengine mazito, anastahili mazungumzo ya kweli kuhusu kama kipimo kingine kitamsaidia au kitamtesa tu.

Nimesema "iliyofanywa vizuri" na siwezi kulipita neno hilo. Kamera ikiingia hadi mwanzo wa utumbo mpana, kazi halisi ndiyo inaanza: ni wakati wa kuitoa, taratibu, ukitazama nyuma ya kila kunjo. Kipimo kisichoonyesha kitu kinatakiwa kichukue angalau dakika 6 za kutoa kamera. Mimi huitazama saa ya ukutani. Wapo wanaozitimiza, wapo wenye haraka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 ulilinganisha madaktari kwa kiwango chao cha kukuta adenoma, ukaona kwamba kila kiwango hicho kinapopanda kwa asilimia 1, uwezekano wa mgonjwa kupata saratani baadaye unashuka kwa asilimia 3. Kiwango hicho kinahesabika kwenye daftari letu kwa kalamu na karatasi. Hatujawahi kuombwa tukihesabu.

Na utumbo mchafu haupimwi. Nusu ya dawa ya kusafisha inywewe jioni, nusu asubuhi saa chache kabla ya kipimo. Imethibitika kusafisha vizuri kuliko kuinywa yote usiku. Bado vipeperushi vingi tunavyowapa watu vinasema usiku tu. Matokeo yake daktari anatazama maji ya kahawia, anaandika "hakuna kilichoonekana", na mgonjwa anaelewa "hakuna kitu". Hayo ni maneno mawili tofauti. Aliyeandaliwa vibaya arudiwe ndani ya mwaka, naye aingie kwenye orodha kama wengine.

Kuna na watoto wa mzee. Binti yake mkubwa, wa miaka 36, ndiye aliyemsindikiza. Alikaa koridoni kwa muda wa saa tatu na hakuna aliyemweleza kwamba ugonjwa wa baba yake unamhusu yeye. Mzazi au ndugu wa tumbo moja akipata saratani hii kabla ya miaka 60, ushauri unaotumika Marekani ni kuanza kolonoskopi ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougulia ndugu yako, lolote litakalotangulia, kisha kila miaka 5. Nilimwambia mimi, nimesimama mlangoni, glavu mkononi. Ana miaka 4 mbele yake. Nani atamkumbusha?

Na zipo familia zenye jambo zito zaidi. Takriban 3 kati ya kila saratani 100 za utumbo mpana zinatokana na sindromu ya Lynch, kasoro ya kurithi ambayo mzazi mwenye nayo humpa kila mtoto uwezekano wa nusu kwa nusu. Wenye Lynch wa aina zenye hatari kubwa huanza kolonoskopi wakiwa na miaka 20 hadi 25, na hurudi kila mwaka au kila miaka 2. Wenye polipu za kurithi za mamia kwa mamia huanza wakiwa watoto wa miaka 10 hadi 12. Dalili ya Lynch hugundulika kwa kuupaka rangi maalumu uvimbe uliokatwa ili kuona kama protini nne zipo au hazipo. Uvimbe tunao tayari, uko kwenye kibonge cha nta pale patholojia, maabara inayochunguza vinyama. Tukiuliza swali hilo kwa kila uvimbe, tunapata familia nzima kabla haijaugua. Tusipouliza, tunawapokea mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa mgonjwa mpya kabisa.

Mheshimiwa Waziri, naomba tarehe ya kurudi ipewe mwenyewe. Naomba kwa maneno ya kawaida: kila kituo chenye kamera kiwe na mtu aliyeajiriwa, mwenye simu ya ofisi na kompyuta, ambaye asubuhi anafungua orodha ya waliofikia siku yao na kuanza kuwapigia. Asipopatikana kwa simu, aandikiwe. Asipojibu, mhudumu wa afya wa eneo lake amfuate nyumbani. Akikataa, aachwe kwa heshima na iandikwe kwamba alikataa, maana kukataa ni haki yake na kusahauliwa si haki ya mtu yeyote. Orodha hizo ziunganishwe kwenye rejista moja ya taifa inayomjua mtu kwa namba yake ya kitambulisho, kwa kuwa namba ya faili hubaki hospitali na watu huhama. Mgonjwa aondoke na karatasi yake yenye tarehe, ili hata sisi tukishindwa yeye awe nayo.

Mwongozo wa muda wa kurudi uwe mmoja kwa nchi nzima, wa ukurasa mmoja, ubandikwe kwenye kila chumba cha endoskopi, utulinde sisi tunaoandika. Miongozo hubadilika, na ikibadilika rejista iweze kubadilisha tarehe za watu wote kwa siku moja. Kwenye daftari hilo haliwezekani.

Na ukisimama bungeni kueleza mafanikio, naomba usomewe namba mbili ambazo hazijawahi kusomwa. Kati ya waliokutwa na damu kwenye choo, wangapi walitazamwa kwa kamera, na ndani ya siku ngapi. Kati ya waliotakiwa kurudi mwaka huu, wangapi walirudi. Pasipo uwezo wa kutazama kwa kamera, kampeni ya vijiti isubiri hadi uwezo uwepo, hata kama wafadhili wana haraka. Siogopi kusema hivyo. Niliwaona waliobaki na karatasi za rufaa mkononi.

Fedha itaulizwa. Sehemu kubwa ya ninachoomba si mashine. Huko California kaskazini, shirika la Kaiser Permanente lilianza kuwatumia wanachama wake vifaa vya choo kila mwaka na kuwafuata waliokutwa na damu. Waliokuwa wamepimwa ipasavyo walipanda kutoka asilimia 39 mwaka 2000 hadi karibu 83 mwaka 2015, na vifo kwa saratani hii vikashuka kwa zaidi ya nusu. Kilichobeba mpango ule ni bahasha na orodha.

Mzee wangu alifanyiwa upasuaji. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye tezi za karibu, ini likakutwa salama, na sasa anamalizia dozi za dawa, na mfuko wa choo ubavuni ambao amejifunza kuubadilisha mwenyewe. Hata aliyepasuliwa ana tarehe zake: kolonoskopi mwaka 1 baada ya upasuaji, kisha miaka 3 baada ya hapo, kisha miaka 5, na katikati vipimo vya damu na picha. Alipokuja kliniki mara ya mwisho alipita chumbani kwetu kunisalimia. Aliniuliza swali moja tu, kama safari hii ataitwa.

Nilimwambia ndiyo. Nimeandika namba yake kwenye simu yangu mwenyewe, na kengele nimeitega mwezi wa 3 mwakani, wiki mbili kabla ya siku yake. Ya binti yake nimeitega miaka 4 mbele, kama simu hii itakuwa bado inafanya kazi. Mistari mingine yote kwenye kabati haina kengele. Nikipewa idhini ya kukuletea madaftari hayo, majina yakiwa yamefunikwa, nitayabeba mwenyewe.

Wako mtiifu katika utumishi,

Muuguzi, chumba cha endoskopi